Kununua kwa Huruma: Samaki wa Dukani, Kasa wa Nyavuni na Maadili ya Uokozi

Mabwawa ya chumvi ya Gongoni, Marereni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi, yanajulikana kwa chumvi yenyewe na kwa mgogoro wa ardhi ulioifanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iendeshe uchunguzi wa hadhara mwaka 2005. Lisilosemwa sana ni kwamba katika miaka ya 1980 kijidudu kiitwacho Artemia kiliingizwa katika mabwawa ya ukanda huo kikastawi. Mayai yake yaliyokaushwa hukaa miaka bila kufa. Yakitiwa maji ya chumvi huangua kwa siku moja au mbili, na vitoto vyake hulishwa samaki wachanga duniani kote, wakiwemo wa mapambo. Kusini zaidi katika pwani hiyohiyo, wapiga mbizi hukamata samaki wa matumbawe kwa nyavu za mkono, na samaki hao husafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki yenye oksijeni. Kwa hiyo samaki anayedhoofika kwenye tangi la duka, Nairobi au London, si jambo geni kwetu.

Nataka kulichunguza tendo moja tu: mtu anaingia dukani, anamwona samaki aliyetelekezwa, anamnunua ili amwokoe. Nadai kwamba tendo hilo, kwa namna linavyofanywa mara nyingi, si uokozi.

Tuanze na hali ya samaki mwenyewe. Samaki mpiganaji, ambaye asili yake ni Thailand na nchi jirani, huuzwa ndani ya kikombe kwa kuwa madume wawili hawakai pamoja bila kuraruana. Uchafu anaoutoa huzalisha amonia. Katika tangi lililokomaa bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa; kikombe hakina bakteria wa kutosha wala maji ya kuizimua. Matamvua huungua. Mapezi yake, ambayo ndiyo fahari yake, hunata mwilini, naye hulala chini kwa ubavu, akijikongoja kupanda kuvuta hewa. Wapo wasemao kwamba samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake waliwadunga trauti asidi midomoni: samaki walikawia kurudi kula, wakawa wanaisugua midomo kwenye changarawe, na walipopewa mofini tabia hizo zilipungua. Wataalamu bado wanabishana, lakini kwa maoni yangu sasa ni juu ya anayekanusha kuleta ushahidi.

Basi huruma ina msingi. Tatizo ni malipo. Muuzaji hahesabu nia ya mteja, huhesabu mauzo. Samaki anayefia dukani ni hasara kwake, na hasara hiyo ndiyo karibu kitu pekee kinachoweza kumlazimisha abadilishe maji au aagize samaki wachache zaidi. Mwenye huruma akilipa, humwondolea hasara yule aliyeisababisha. Kikombe kilichobaki kitupu hujazwa na shehena ijayo.

Pingamizi lenye uzito ni hili: samaki anayeteseka ni huyu hapa, na si haki kumtumia kumwadhibu mwenye duka. Tena bei yake ni ndogo na vifo vimekwisha kuhesabiwa ndani yake, kwa hiyo kifo cha mmoja hakimfunzi mtu. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Asiyenunua akaondoka zake asijidanganye kwamba ametenda jambo. Lakini ubaya wa kumwacha hauthibitishi uzuri wa kumnunua.

Hapa pwani tunao mfano unaotusaidia kupambanua. Local Ocean Conservation, shirika lililoanza Watamu mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupokea simu za wavuvi walionasa kasa bila kukusudia. Watu wake hufika, humpima kasa, humtia alama kwenye pezi na kumrudisha baharini, au humpeleka kwenye kituo chao cha matibabu akiwa ameumia. Maelfu ya kasa wamerudi majini kwa njia hiyo. Mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda na gharama zake. Je, huko si kununua? Ingekuwa kununua kama malipo yangelingana na thamani ya nyama na mafuta ya kasa katika biashara ya magendo. Malipo ya kiwango hicho yangegeuka bei, na mvuvi mwenye njaa angekuwa na sababu ya kumtega kasa. Yakibaki madogo, wavu unatupwa kwa ajili ya samaki, na kasa hubaki kuwa ajali. Hapo ndipo mpaka ulipo: malipo ni uokozi pale tu yasipomwita mnyama mwingine achukue nafasi ya aliyeokolewa.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaotaja mfano huu kana kwamba haumgharimu mtu. Udogo wa fidia una maana kwamba sehemu ya gharama inabebwa na mvuvi maskini. Kumtaka mvuvi wa Ghuba ya Ungwana, anayegombania maji na meli za kukokota nyavu, amwachie kasa kwa moyo mwema ni kumdai ukarimu ambao sisi wenyewe hatujamtendea. Hilo linanisumbua, na nadhani linapaswa kumsumbua kila anayeandika juu ya uhifadhi.

Kwa samaki wa matumbawe mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa wengi hawazalishwi bwawani, bali hutolewa mwambani walikokuwa na kazi. Samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewatoa wenzake vimelea, ni miongoni mwa wanaokamatwa Kenya. Huko Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji katika miamba midogo kwa miaka minane na nusu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa samaki wakazi wa miamba hiyo walikuwa pungufu kwa 37% na spishi kwa 23%, zikilinganishwa na miamba ambayo haikuguswa. Anayemnunua msafishaji aliyekonda ameagiza mwingine atolewe mwambani.

Wala asimrudishe baharini. Tangini huchanganywa samaki wa bahari mbalimbali pamoja na magonjwa yao. Samaki-simba mwenye miiba ya sumu, ambaye kwetu ni mwenyeji, alionekana Florida katika miaka ya 1980, na inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu. Leo anakula samaki wachanga katika Karibi yote.

Kinachobaki ni kumwomba muuzaji amtoe bure. Samaki aliye mahututi hana soko, na akitolewa bila senti hakuna agizo jipya lililotumwa. Akiwa hawezi kupona, auawe kwa upole. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki na kwa kiasi kikubwa humuua bila purukushani, mradi aachwe humo muda mrefu baada ya matamvua kusimama.

Nguvu kubwa zaidi iko serikalini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na mahali wanapotunzwa. Kaunti inaweza kulitaka kila duka, kama sharti la leseni, liwe na kiwango cha chini cha maji kwa kila samaki na daftari la vifo linalokaguliwa. Hasara ambayo wateja wamekuwa wakiifidia kwa huruma itasomwa na ofisa mwenye uwezo wa kuifuta leseni.