Kumbukumbu za Polisi na Usimamizi wa Utulivu wa Umma, Moshi

Kumbukumbu za polisi ni maandishi yanayozaliwa na kazi ya Jeshi la Polisi: taarifa za matukio, majalada ya upelelezi, fomu za majeruhi na za ajali, orodha za mahabusu, pamoja na vyeti wanavyopewa raia. Mjini Moshi na katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, anayezitafuta hukabiliwa kwanza na swali la nani alishughulikia tukio, kwa kuwa utulivu wa umma huko hausimamiwi na polisi peke yao. Mgambo wa halmashauri, askari wa hifadhi ya taifa na wakuu wa wilaya nao wana namna zao za kukamata, na kila upande huweka karatasi zake kwake.

Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Kilimanjaro (RPC) ana ofisi Moshi. Chini yake kila wilaya ya kipolisi ina mkuu wake (OCD) na kila kituo kina mkuu wa kituo (OCS), huku upelelezi ukisimamiwa na RCO mkoani na OC-CID wilayani. Mji huohuo una Shule ya Polisi, ambayo wengi bado huiita CCP, lakini kazi yake ni kufundisha askari. Anayefika langoni kwake kuulizia jalada atakuwa amepotea njia.

Karatasi ya kwanza ni RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni mlalamikaji alipofika. Hutolewa bila malipo, na ni busara kuitunza kuliko kutegemea jina la mpelelezi, maana wapelelezi huhamishwa. Aliyejeruhiwa hupewa PF3, ambayo daktari huijaza na baadaye inaweza kuwa kielelezo mahakamani. Kwa ajali za magari, kampuni za bima hudai fomu za kikosi cha usalama barabarani, hasa PF90. Aliyepoteza kitambulisho au cheti cha shule huchukua taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi huombwa hata kwa mtandao. Cheti cha tabia njema, kinachotakiwa na waajiri na balozi nyingi, hutegemea alama za vidole: huchukuliwa polisi, kisha hulinganishwa na kumbukumbu za makosa ya jinai.

Jalada la upelelezi ni jambo jingine. Likikamilika hupelekwa kwa waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na tangu hapo kumwuliza askari wa kituoni ni kupoteza nauli. Mshtakiwa hupata maelezo ya mashahidi kwa njia ya mahakama, si kaunta ya polisi. Shauri likishaamuliwa, wahusika wanaweza kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomeka bure katika tovuti ya TanzLII.

Kwa taarifa nyingine ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotekeleza ibara ya 18 ya Katiba. Ombi huandikwa kwa ofisi inayoshika taarifa, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Haki hiyo ni ya raia wa Tanzania, hivyo mtalii aliyeibiwa kamera Moshi hawezi kuitegemea. Yeye hubaki na RB yake. Sheria inaruhusu pia kuzuiwa kwa taarifa zinazoweza kuvuruga upelelezi, kuhatarisha usalama wa taifa au kuingilia faragha ya mtu. Kwa polisi, mlango huo wa kukataa ni mpana. Ombi linaloeleza tarehe, kituo na aina ya waraka ni gumu zaidi kukataliwa kuliko linalotaka “taarifa zote”. Anayekataliwa huomba mapitio kwa mkuu wa taasisi.

Kuhusu mikusanyiko, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inamtaka mwandaaji kumpa taarifa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. Zamani ilikuwa lazima kupata kibali, hadi Mahakama Kuu ilipoona katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, miaka ya 1990, kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Hata hivyo polisi wana uwezo wa kuzuia mkutano kwa hoja ya usalama, na mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchini tangu 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo Januari 2023. Hatari ya umati si ya siasa tu: tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo, Moshi, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Kila siku, hata hivyo, mwananchi wa Moshi hukutana zaidi na mgambo kuliko polisi. Sifa ya mji huu kwa usafi inalindwa na sheria ndogo za manispaa, na anayetozwa faini kwa kutupa taka au kupanga bidhaa mahali pasiporuhusiwa anapaswa kupewa stakabadhi ya serikali. Malalamiko yake yaende kwa mkurugenzi wa manispaa. Polisi hawana kumbukumbu ya faini hiyo.

Mtu aliyekamatwa na polisi bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na dhamana ya polisi haiuzwi. Mkuu wa mkoa au wa wilaya naye anaweza kuamuru mtu azuiwe hadi saa 48, lakini sheria ya tawala za mikoa inamtaka aandike sababu zake. Maandishi hayo ndiyo ya kudaiwa pale amri inapopingwa.

Juu ya mashamba ya migomba hali hubadilika tena. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, na anayekamatwa humo kwa kukata kuni au mbao hushikwa kwanza na askari wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo makao yake ni Marangu, kabla ya kukabidhiwa polisi. Familia yake huhitaji kuulizia pande zote mbili.

Kumbukumbu za kale huangukia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, ambayo kwa kawaida hufungua nyaraka za umma zikitimiza miaka 30. Anayetafiti ghasia za kahawa za 1937, wakulima wa Kilimanjaro walipovamia majengo ya chama cha ushirika cha KNCU, huanzia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kwa majalada ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza huenda London.