Mwalimu wa Timu na Msimu wa Kushindwa

Katika lugha yetu, mtu anayewafundisha wachezaji wa mpira wa miguu huitwa kwa majina mawili. La kwanza ni kocha, neno tulilolikopa. La pili ni mwalimu, neno la heshima ambalo taifa letu limelitumia hata kwa kiongozi wake wa kwanza. Mchezaji humwita mkufunzi wake "mwalimu", na mwenyekiti wa klabu humwita vivyo hivyo siku anapomkaribisha mbele ya wanachama. Lakini mwalimu wa darasani, wanafunzi wake wa mwaka huu wakipata alama ndogo kuliko wale wa mwaka jana, huulizwa kwanza vitabu vilikuwa vingapi na watoto waliosoma ni wepi. Mwalimu wa timu haulizwi. Michezo mitatu ikipotea hufungashiwa virago, hata kama miezi sita iliyopita alibebwa mabegani na watu hao hao. Katika insha hii twataka kuichunguza desturi hiyo, na mifano yetu mikubwa tutaitoa Mbeya na Iringa, kwa kuwa huko, ambako klabu ni changa na mifuko ni myembamba, chanzo cha timu kupanda na kushuka huonekana waziwazi zaidi kuliko penginepo.

Nyanda za Juu Kusini zina historia ya mpira isiyo ya kudharauliwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo ulio chini ya Mlima Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, ikaziacha nyuma klabu kubwa za Dar es Salaam zilizozoea kupokezana taji hilo. Ubingwa huo haukurudi tena Tukuyu. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba ushindi wa 1986 ulikuwa bure kwa sababu haukurudiwa. Mji mdogo ukivuna mara moja namna ile, mavuno hayo ni makubwa kupita kipimo chake cha kila mwaka, na kipimo cha kila mwaka ndicho kinachorudi.

Miaka 27 baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea mjini Mbeya kwenyewe. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 chini ya mwalimu Juma Mwambusi. Katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulifurika, na watu walisafiri zaidi ya kilomita 800 kuifuata timu hadi Dar es Salaam. Msimu wa pili ulianza vibaya mno. Hapo ndipo penye mtihani wa klabu yoyote. Mwambusi aliendelea na kazi, na msimu huo wa 2014/2015 ulipokwisha, Mbeya City ilikuwa ya nne. Subira ilizaa matunda.

Lakini kilichofuata hakikuwa katika uwezo wa mwalimu. Mwaka 2015 Deus Kaseke alichukuliwa na Yanga, na Peter Mwalyanzi akachukuliwa na Simba. Mwishoni mwa mwaka huo Mwambusi mwenyewe aliitwa Yanga kuwa kocha msaidizi. Walimu wengine walikuja Mbeya baada yake, akiwamo Kinnah Phiri wa Malawi, lakini nafasi ya tatu haikuonekana tena, na mwaka 2023 timu ilishuka daraja. Ilirudi Ligi Kuu katika msimu wa 2025/2026.

Iringa nayo ina kisa chake. Lipuli ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Tarehe 1 Juni, 2019, ikifundishwa na Selemani Matola, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja wa Ilulu mjini Lindi, ikafungwa na Azam bao moja kwa bila. Kwa mji wa Iringa kufika fainali ile kulikuwa ni fahari kubwa. Lakini tayari Adam Salamba alikwisha kwenda Simba mwaka 2018, na baada ya fainali Miraji Athumani akamfuata. Matola naye akaondoka. Msimu wa 2019/2020 ulipokwisha, Lipuli ilishuka daraja. Ndugu msomaji, jiulize: ingekuwa mwalimu mmoja amebaki Iringa kuupokea msimu ule, na wanachama wakamfukuza mwezi wa Januari, je, wangekuwa wameondoa ugonjwa au wangekuwa wamemfukuza mganga?

Swali hili hatuliulizi kwa sababu sisi tu watu wema kuliko wengine. Miaka mingi iliyopita tulihesabiwa miongoni mwa wajumbe wa kamati ya timu moja ya wilaya katika nyanda hizi. Mwalimu wa timu alikuwa pia mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa ameipandisha timu hiyo daraja kwa vijana aliowafundisha tangu wakiwa watoto. Mwaka uliofuata vijana wanne walikwenda mijini kutafuta kazi, na timu ikafungwa michezo mitano mfululizo. Tukaitisha kikao jioni moja ya mvua. Kikao hakikuchukua nusu saa. Hakuna aliyewataja wale vijana wanne. Mikono iliinuliwa, na mkono wetu ulikuwa miongoni mwake. Mwalimu yule alikabidhi mipira sita na filimbi, akaomba risiti, akaenda zake. Timu ilishuka daraja vilevile. Tulipokutana naye miaka michache baadaye huko Mafinga, alitusalimu "Kamwene" kwa heshima ile ile ya zamani, na sisi hatukuwa na la kumwambia.

Desturi hii haikuzaliwa wilayani. Twaiiga kutoka kwa wakubwa. Patrick Aussems aliipa Simba ubingwa wa 2018/2019 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi Agosti 2019 timu ikatolewa mapema katika mashindano hayo na UD Songo ya Msumbiji, na Novemba mwaka ule Aussems akaachishwa kazi. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2023/2024. Novemba 2024 alifungwa michezo miwili mfululizo, na Azam kisha na Tabora United, unga wake ukamwagika. Ulaya nako ni hivyo hivyo. Claudio Ranieri aliipa Leicester City ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, na miezi tisa baadaye alifukuzwa.

Watatokea watakaotujibu kwamba Simba ilitwaa tena ubingwa baada ya Aussems, na Yanga ikautwaa baada ya Gamondi. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa makini. Katika msimu ule wa 2024/2025 Yanga ilifundishwa na walimu watatu, mmoja baada ya mwingine, na bado ikawa bingwa. Klabu inayoweza kubadili mwalimu mara mbili katika msimu mmoja na kushinda yatuonyesha kwamba nguvu yake iko katika wachezaji na mfuko wake. Klabu ya namna hiyo yaweza kumudu kukosea. Klabu ya Mbeya au Iringa inayoiga tabia hiyo bila kuwa na mfuko huo yafanana na mkulima mdogo anayeng'oa miche yake kwa kuwa ameliona shamba kubwa likifanya hivyo. Wakulima wa Mufindi na Rungwe wanajua kwamba mche wa chai hauchumwi mwaka ule ule uliopandwa.

Wataalamu wa hesabu nao wamelichunguza jambo hili. Uchunguzi mmoja ulizitazama klabu za ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Ilionekana kwamba klabu zilizowafukuza walimu wao wakati wa matokeo mabaya zilipata nafuu baadaye. Lakini klabu zilizokuwa katika hali ile ile, zisizomfukuza mtu, zilipata nafuu kiasi kile kile. Sababu yake si ngumu kueleweka. Timu inayoshinda kupita kawaida yake hushinda kwa kukutana kwa mambo mengi: vijana wenye afya, ratiba nzuri, mpira uliogonga mwamba ukaingia wavuni. Mambo hayo hayakutani kila mwaka. Kadhalika timu inayoshindwa kupita kawaida yake hurudi yenyewe katika kipimo chake. Aliyefukuza mtu wakati huo hudhani kwamba yeye ndiye aliyeponya.

Hatusemi kwamba mwalimu asiguswe. Mwalimu mlevi, au anayepanga wachezaji kwa upendeleo, au aliyeacha kufundisha, aondolewe, na aondolewe kwa heshima na kwa haki zake zote. Tunalolipinga ni kumhukumu mtu kwa matokeo pasipo kuuliza chanzo. Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Walinena pia kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Watu wa Iringa wana somo la jambo hili katika historia yao. Mwaka 1891 Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo. Mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ikaanguka. Vita si mpira, wala hatutaki kuvilinganisha. Lakini ni jambo la kujifunza kwamba ushindi wa Lugalo haukufutwa na kuanguka kwa Kalenga katika kumbukumbu za watu, na jina la Mkwawa halikutupwa kwa sababu alishindwa mwishoni. Utamaduni uliojua kutenganisha heshima ya mtu na bahati ya siku moja ni wetu, hatukuuazima.

Basi walimu na wanafunzi mnaounda timu na kamati mashuleni mwaweza kuanza na jambo dogo. Kabla ya kuinua mikono, katibu aandike katika daftari la kikao majibu ya maswali matatu: ni wachezaji gani walioondoka tangu tuliposhinda, fedha na vifaa vilipungua kiasi gani, na mwalimu alipewa muda gani. Majibu yasomwe kwa sauti, mwalimu mwenyewe akiwapo. Kikao chetu cha jioni ile ya mvua kisingepungukiwa na kitu kama kingefanya hivyo, nasi tungekuwa na la kusema tulipoamkiwa Mafinga.