Gari la Kennedy na Swali la Kukarabati Historia

Magari mengi ya kale yasiyo na paa hufumuliwa hadi yabaki mabati matupu, kisha huundwa upya ili yarudie ujana wake. Katika historia ya siasa, hata hivyo, liko moja lililofumuliwa kwa kusudi lililo kinyume: lisiwe tena gari la wazi. Ni Lincoln Continental ya mwaka 1961, ambamo Rais John Kennedy wa Marekani alipigwa risasi mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963.

Mafundi wa Hess & Eisenhardt mjini Cincinnati walilikata gari hilo katikati, wakalirefusha kwa takribani mita moja na kuliimarisha chini; maana Continental haikuwa na chesisi ya pekee, bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu. Ikulu ililipokea Juni 1961. Paa lake la plastiki, la kuvaliwa na kuvuliwa, lilizuia mvua wala si risasi, na siku ile ya Dallas hata hilo halikufungwa. Kwangu mimi, uwazi huo ulikuwa kauli ya kisiasa: aliyechaguliwa hawaogopi waliomchagua.

Wengi hudhani kwamba baada ya mauaji gari hilo liliteketezwa. La hasha. Kioo cha mbele kilichopasuka kiliondolewa na kuhifadhiwa kama ushahidi. Gari likafumuliwa, likawekewa paa la kudumu, vyuma vya kinga, vioo vizito visivyopenya risasi, na injini yenye nguvu zaidi ya kuvuta uzito huo mpya. Mwaka 1964 likarejea kazini, na baadaye likapakwa rangi nyeusi. Lilitumika hadi 1977. Katika urais wa Richard Nixon, sehemu ya paa ilifanywa ya kufunguka ili rais asimame na kuwapungia watu. Tazama mvutano huo, ndugu msomaji: hofu ya dola iliziba paa, haja ya kuonekana ikalitoboa.

Leo gari hilo limo katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan, likiwa na paa lake na weusi wake. Je, lingefaa kurudishwa katika buluu na uwazi wa 1963? Mimi nasema hapana. Fundi angeturudishia sura ya asubuhi ile, lakini angefuta miaka 13 ambayo marais walisafiri nyuma ya vioo vizito, wakiwatazama raia kwa mbali. Miaka hiyo nayo ni historia. Ukarabati unaoficha jeraha hupendeza macho, ila humnyima raia haki ya kuuliza ni lini, na kwa sababu gani, paa liliwekwa baina yake na kiongozi wake.