Reli ya Bray na Bahari Isiyoshiba

Mji wa Bray uko kando ya mto Dargle, kilomita 20 hivi kusini mwa Dublin. Treni ilifika hapo Julai 1854, kwa njia mbili: moja ikifuata pwani, nyingine ikitoka Harcourt Street na kupita bara. Tangu hapo wakazi wa Dublin waliweza kwenda kupunga upepo wa bahari na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Aliyeing'amua fursa hiyo ni William Dargan, mkandarasi aliyejenga reli ya kwanza ya Ireland mwaka 1834. Huko Bray alitengeneza barabara ya matembezi ufukweni, na mwaka 1859 akafungua hamamu ya Kituruki yenye minara na matofali mekundu na meupe. Hoteli zikafuata, na watu wakauita mji Brighton ya Ireland, wakiufananisha na mji wa mapumziko wa pwani ya Uingereza.

Kuiendeleza reli kusini ndiko kulikokuwa na kazi. Mbele ya mji umesimama mlima wa Bray Head, ambao miamba yake inatumbukia moja kwa moja baharini. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel aliizungusha reli ubavuni mwa genge, kwa mahandaki na madaraja ya mbao juu ya mabonde membamba. Abiria walipata mandhari ya ajabu. Mawimbi nayo yakapata cha kutafuna. Hata hivyo, ajali mbaya kuliko zote haikuletwa na bahari. Agosti 1867 treni iliacha reli kwenye daraja la Brandy Hole, ikaangukia bondeni upande wa nchi kavu. Watu wawili walikufa. Baada ya hapo reli ilisogezwa ndani zaidi ya mara moja, hadi mwaka 1917 lilipofunguliwa handaki la karibu kilomita moja. Midomo ya mahandaki ya zamani bado inaonekana gengeni, mitupu, ikitazama maji.

Njia ya Harcourt Street ilifungwa mwisho wa 1958 na vyuma vyake vikang'olewa, hasara iliyojutiwa vitongoji vilipopanuka. Ile ya pwani ilibaki, ikapata treni za umeme za DART mwaka 1984. Mwaka 2000 zikafika Greystones, ng'ambo ya mlima. Mwaka 2004 tramu za Luas zilianza kutumia sehemu ya njia ya Harcourt Street iliyong'olewa. Mwaka 2010 zilifika Brides Glen, zikaishia hapo, kabla ya Bray.