Chernobyl 1986: upepo ulifika kabla ya habari

Wengi huuliza kama sumu ya nyuklia inaweza kumfikia mtu aliye mbali na ajali. Jibu liko katika historia ya Chernobyl.

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa nne 1986, saa saba na dakika 23, mtambo namba 4 wa kiwanda cha umeme cha Chernobyl ulilipuka. Ni nchini Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya Umoja wa Kisovieti. Moto ulipandisha angani vumbi lenye mionzi, lisiloonekana wala kunuka. Upepo ukalibeba.

Katika mji jirani wa Pripyat, watu karibu 49,000 waliendelea na maisha yao, watoto wakicheza nje. Kesho yake mchana ndipo mabasi yalipokuja kuwahamisha. Waliambiwa wachukue vitambulisho na chakula kidogo, watarudi baada ya siku tatu. Mpaka leo mji ule ni mtupu. Familia zilizokimbia vita huku kwetu zinajua uzito wa ahadi kama hiyo.

Tarehe 28, huko Forsmark, Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, mashine ziligundua mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi. Kwanza walidhani kiwanda chao ndicho kinachovuja. Jioni hiyo ndipo Moscow ikatoa tangazo fupi. Kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, alihutubia taifa tarehe 14 mwezi wa tano.

Hofu ikaenea Ulaya: watu wakaogopa mvua, mboga na maziwa. Kuhusu maziwa walikuwa na haki. Iodini yenye mionzi huanguka kwenye majani, ng'ombe huyala, mtoto hunywa maziwa, nayo hujikusanya katika tezi ya shingo. Lakini nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo wiki za kwanza ndizo za kujilinda. Poland iliwahi kuwapa watoto zaidi ya milioni 10 dawa ya iodini. Ukraine, Belarus na Urusi, watoto wengi waliendelea kunywa maziwa yale, na maelfu wakapata saratani ya tezi.

Upepo hauzuiliki. Maziwa yangezuiliwa kwa tangazo moja la redio. Ndiyo maana anayeambiwa ahame ana haki ya kuuliza: kumetokea nini, tusile nini, na tutarudi lini?