Mpiga Piano na Muziki wa Kwao: John Kirkpatrick

Zamani mpiga piano wa Kimarekani aliyetaka sifa aliitafuta kwa kazi za mabwana wa Ulaya. John Kirkpatrick (1905–1991) naye alikwenda Paris kusoma. Lakini huko huko, mwaka 1927, aliziona nota za “Concord Sonata” ya Mmarekani mwenzake, Charles Ives. Ives, mtu wa biashara ya bima, alikuwa ameichapisha kwa fedha zake mwaka 1920 na kuigawa bure, na wengi waliiona kuwa haipigiki. Kirkpatrick aliishughulikia kwa miaka mingi. Tarehe 20 Januari 1939 aliipiga yote katika Town Hall, New York, na mhakiki Lawrence Gilman akaisifu mno gazetini. Mwaka 1947 Ives alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa simfoni yake ya tatu. Alipokufa mwaka 1954, Kirkpatrick alizipanga hati zake, na orodha yake ikatoka mwaka 1960.

Wahenga husema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini Ives aliandika kwao asitunzwe, mpaka alipopatikana wa kuicheza kazi yake. Maandishi peke yake ni bubu.