Tairi na Udongo wa Kongwa

Wengi wetu tukitaka kununua trekta kuukuu huanza kwa kusikiliza injini. Nami nilifanya hivyo. Mwaka 1996, nikiwa bado mwalimu, nilinunua Massey Ferguson 135 katika mnada mjini Dodoma. Nililiwasha, nikatazama rangi ya moshi, nikachungulia oili, nikaridhika. Matairi niliyatupia jicho mara moja tu, kama mtu anavyotazama viatu vya mgeni. Injini ile haikunisumbua kamwe. Kilichonipotezea msimu mzima, na heshima yangu kwa majirani, ni yale matairi.

Siku nilipolifikisha nyumbani, kijijini kwetu upande wa Kongwa, baba mkubwa alilizunguka kimya kimya. Akainama, akapitisha kidole katikati ya kashata za tairi la nyuma. Kidole hakikuzama hata urefu wa ukucha.

"Mwanangu, hili ni la barabarani au la shambani?"

Nikamjibu kuwa ni la kote kote. Akaguna, akaenda zake kufungulia ng'ombe.

Alikuwa na haki ya kuguna. Ujana wake aliutumia kama kibarua wa Mpango wa Karanga, ule mradi mkubwa ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 ili kuwapatia watu wake mafuta ya kupikia baada ya vita. Ujumbe wa watu 3 ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki mwaka 1946 kwa muda wa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Wakapendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi Januari 1951 serikali ikatangaza kuuacha mpango wenyewe, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwisha kuzama.

Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, na waandishi hupenda kucheka. Baba mkubwa hakuwa akicheka. Yeye alisimulia mambo ya chini, yaliyoonekana na mtu mwenye jembe mkononi. Alisimulia matrekta ya minyororo yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya jeshi, mengine yakiwa yamechakaa kabla hayajagusa kichaka. Alisimulia mitambo iliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, ambayo Waingereza waliiita Shervick. Na zaidi ya yote alisimulia udongo. Mvua ikinyesha ulikuwa laini, unakubali kila kitu. Jua likiwaka wiki mbili, ulishikamana ukawa kama sakafu ya saruji, na mchanga wake mkali ukayala majembe ya chuma. Karanga zilizokuwa zimekomaa chini zilikataa kutoka. "Mashine walikuwa nazo," alizoea kusema, "ila hawakuwa wameuuliza udongo."

Niliyasikia maneno hayo tangu utotoni, nikayafundisha hata darasani. Sikudhani kwamba yananihusu.

Trekta langu lilikuwa la ukoo mwingine kabisa. Wakati majitu yale yakishushwa Kongwa, kule Coventry, Uingereza, Harry Ferguson alikuwa ameanza mwaka 1946 kutengeneza kitrekta chepesi cha TE20, na hilo la kwangu, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, ni mjukuu wake. Vitrekta vya namna hiyo visingewezekana bila tairi la upepo. Kabla ya hapo trekta lilitembea kwa magurudumu ya chuma yenye meno, yaliyomtikisa dereva mpaka mifupa na kuharibu kila barabara. Ilikuwa mwaka 1932 huko Marekani ambapo kampuni ya Allis-Chalmers, ikisaidiana na Firestone, ilianza kuuza trekta la mpira. Wakulima wa kwanza kuliona walidhani litateleza. Kumbe tairi lenye upepo kidogo hujilaza juu ya udongo, likaushika kwa eneo pana, na trekta likavuta zaidi kwa mafuta machache.

Neno "kidogo" ndilo lililonishinda. Matairi ya nyuma ya 135 ni makubwa, inchi 12.4 kwa 28 (ya zamani huandikwa 11-28), na mtu akiyatazama huona kwamba yanastahili upepo mwingi. Sivyo. Shambani hutosha pauni 12 hadi 16, nusu ya upepo wa gari dogo. Mimi nilikuwa nabeba mchanga na mawe kwa tela wakati wa kiangazi, maana ndizo zilikuwa fedha za haraka, kwa hiyo nilijaza hadi 30. Kwa kazi hiyo kashata zilizokwisha hazikunidhuru; barabarani kashata ndefu huliwa haraka mno. Tena fundi aliyeziba pancha zangu (miiba ya migunga haina huruma na tyubu) aliwahi kurudisha tairi moja likiwa limegeuzwa. Kashata za trekta zimepangwa kama herufi V. Ukisimama nyuma ya trekta, ncha ya V hiyo yapasa ielekee juu, ili ikifika chini itangulie kukanyaga na kulisukuma tope kwenda pembeni. Likigeuzwa, tairi hulikusanya tope katikati, likajisiliba kama ukuta wa nyumba. Nilipita mbele ya trekta hilo kila asubuhi na sikuona kitu.

Ndipo ikaja mvua ya El Niño, msimu wa 1997/98. Sisi Wagogo tumezoea kuomba mvua, si kuikimbia. Majirani saba walikuwa wamenilipa mapema niwalimie, wengine kwa kuuza mbuzi, kwa sababu trekta lilikuwa limefika kijijini na jembe la mkono lilionekana aibu. Mashamba yao yalikuwa kwenye mbuga, udongo mweusi unaonata. Nililima nusu ekari. Baada ya hapo gurudumu la kulia lilizunguka mahali pamoja, likang'ara kama sufuria, na trekta likakaa kwa ekseli. Tuliliweka magogo, tukavuta kwa ng'ombe, likatoka. Kesho yake likazama tena. Wiki ya tatu nilikata tamaa. Wawili kati ya wale saba walikuwa wamekwisha kuchukua majembe yao ya mkono na kupanda uwele mlimani. Watano waliningoja. Hao watano ndio ambao hawakuvuna.

Fedha nilirudisha, kidogo kidogo, kutoka kwenye mshahara. Mbuzi hawarudi kwa namna hiyo, na mama mmoja aliniambia hivyo waziwazi mbele ya watu.

Mwaka uliofuata niliuza ng'ombe wanne, nikanunua matairi mapya ya nyuma yenye kashata ndefu. Nikanunua na kipima upepo, kitu ambacho kingenigharimu kidogo sana tangu mwanzo. Lilibaki suala la uzito, kwani trekta jepesi likivuta plau kwenye ardhi ngumu huteleza. Dawa ni kutia maji ndani ya tairi mpaka robo tatu. Ulaya huongeza chumvi ili yasigande kwa baridi. Dodoma hatuna shida hiyo. Shida yetu ni nyingine. Kila tairi lilitaka lita zipatazo 150, yaani ndoo 15 kwa yote mawili, mwezi Oktoba, wakati akina mama wanakesha kwenye kisima. Nilisimama pale na mpira wa maji mkononi, nikakumbuka kwamba hata Kongwa ile ya Waingereza maji ndiyo yalikuwa kilio. Sikuweza. Nilifunga vyuma vya uzito vya kuokoteza badala yake, na nikaacha kulima udongo uliokauka. Nikawa nasubiri mvua ya kwanza ilainishe ardhi, kisha naingia kabla haijawa tope. Siku hizo ni chache, na ni lazima uwe kijijini ili uzijue. Niliomba likizo yangu iangukie Desemba.

Matairi ya zamani yalilala nyuma ya zizi hadi baba mkubwa alipomwita fundi wa katambuga. Akayachana ubavuni, kwenye mpira mwembamba, akapata jozi kadhaa za ndara. Baba mkubwa alizigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akianza na wale watano. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Yule mama wa mbuzi alizipokea, akazipima mguuni, akasema zinambana kisigino.